Sanduku la huduma ya kwanza garini: Plasta kumi hazitoshi

Na MWANDISHI WETU

KATIKA magari mengi humu nchini, sanduku la huduma ya kwanza lina kazi moja tu: kuonyeshwa afisa wa trafiki. Sheria za barabarani zinayataka magari ya uchukuzi wa umma yabebe sanduku hilo pamoja na kizima moto. Ndiposa utaliona karibu na kiti cha dereva wa matatu, jeupe, limejaa vumbi na pengine limefungwa kwa kufuli ambayo hakuna ajuaye ufunguo wake uliko.

Wenye magari ya kibinafsi nao hulinunua mara moja pamoja na pembetatu za kuwaonya madereva wengine, wakalisukuma kando ya gurudumu la akiba na kulisahau.

Lifungue sanduku la kawaida linalouzwa madukani, nawe utakuta plasta ndogo kama kumi, kibunda cha pamba, chupa ndogo ya spiriti, bendeji moja au mbili nyembamba, makasi yasiyokata na pini chache. Vifaa hivyo vinamfaa mtu aliyejikata kidole akimenya chungwa. Kwa abiria aliyepasuliwa paja na bati la mlango, havifai lolote.

Hapo ndipo penye tatizo. Jeraha dogo halihitaji sanduku. Maji safi na kitambaa hutosha. Jeraha baya kabisa, la kifua kilichobonyea au fuvu lililopasuka, linamhitaji daktari na chumba cha upasuaji, wala hakuna sanduku litakaloziba pengo hilo. Lakini kati ya hayo mawili kuna majeraha ya wastani: mkato mrefu uliofunguka kingo zake, ngozi ya kichwa iliyochanwa na kioo, mkono ulionaswa na jeki, goti lililochubuka hadi nyama ikaonekana. Mwenye jeraha la namna hii hafi papo hapo. Hata hivyo, anaweza kufa polepole njiani, au kupoteza mguu kwa sababu ya uchafu ulioingia, ilhali vifaa vya kumwokoa vingetosha ndani ya mkoba mmoja.

Tangu 2021, ajali za barabarani zimeua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka, na wanaojeruhiwa ni wengi zaidi. Wengi wao hawachukuliwi na ambulensi. Huokolewa na abiria wenzao, wapita njia na wahudumu wa bodaboda, kisha hupakiwa katika gari lolote litakalokubali kusimama.

Umbali nao si jambo la kupuuza. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ni ya takriban kilomita 480. Kati ya Mtito Andei na Voi pekee kuna karibu kilomita 100, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni mbuga ya Tsavo, ambako jirani yako wa karibu huenda akawa ndovu. Kutoka Marsabit hadi Moyale ni takriban kilomita 250. Dereva wa njia hizo anapaswa kujaza sanduku lake akifikiria saa nzima au mawili ya kumtunza majeruhi, si dakika kumi za kufika zahanati ya mtaani.

Mtu mzima ana takriban lita tano za damu mwilini. Anayejitolea kutoa damu hospitalini hutoa kama mililita 450, akanywa soda na kwenda zake nyumbani. Akipoteza mara tatu ya kiasi hicho, huwa hatarini: ngozi hupauka na kupoa, jasho jembamba humtoka, moyo humwenda mbio na fikra humchanganyikiwa. Mtoto wa kilo 10 hana hata lita moja ya damu mwili mzima. Ana takriban mililita 800. Jeraha ambalo baba yake angelivumilia hadi Voi linaweza kumuua mtoto huyo kabla ya kufika popote. Kwa hivyo anayesafiri na watoto asijidanganye kwamba wao huhitaji vifaa vichache kwa kuwa ni wadogo.

Kinachozuia damu kuvuja ni shinikizo. Si dawa, si unga wala majani ya chai. Kitambaa kisafi hukandamizwa juu ya mahali damu inapotoka, kwa nguvu, bila kuachiwa, kwa muda wa dakika 10 kwa saa. Kosa la kawaida ni kufunua kila baada ya nusu dakika ili kuangalia kama damu imekoma. Kila unapofunua, unaubandua utando wa damu iliyoanza kuganda, na kazi inaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uzidishe nguvu.

Kwa sababu hiyo, kitu cha kwanza cha kujazwa sandukuni ni kitambaa, na kiwe kingi. Shashi ya hospitali iliyotakaswa, ya vipande vya sentimita 10 kwa 10, huuzwa katika maduka ya dawa ikiwa imefungwa pakiti ndogo ndogo. Gari la familia lisikose pakiti 20 za shashi hiyo. Ongeza pedi kubwa nne au tano za kufunikia majeraha, zile nene za kutosha kufunika paja au tumbo. Kisha bendeji: angalau sita, zenye upana wa sentimita 10, na tatu kati yazo ziwe za kunyumbuka ili ziweze kukaza. Bendeji nyembamba za sentimita tano zina kazi yake kwenye vidole, lakini ndizo hujazwa na wauzaji kwa kuwa ni za bei nafuu, na mtu huishia kuzungusha mita nzima bila kufunika lolote.

Ambaye hapati pedi za hospitali anaweza kuweka sodo. Zinapatikana katika kila kioski, kila moja imefungwa peke yake na hufyonza sana. Ila kufyonza si kukandamiza. Sodo iliyowekwa juu ya jeraha bila kufungwa kwa bendeji iliyokazwa itainywa damu kimyakimya, huku mtoaji huduma akidhani mambo yametulia. Iweke juu ya shashi, kisha ukaze.

Leso nayo isidharauliwe. Leso moja kuukuu lakini iliyofuliwa na kukaushwa juani inaweza kutengeneza kamba ya kuning'iniza mkono uliovunjika, bendeji ya kufunga kichwa, au kitambaa cha kumfunika majeruhi anayetetemeka kwa baridi. Wasafiri wa Pwani wamekuwa na kifaa hiki tangu jadi bila kukiita cha huduma ya kwanza. Weka mbili.

Pamba ndiyo inayofaa kupunguzwa. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya jeraha bichi, nyuzi zake hunata ndani, na daktari atalazimika kuzichomoa moja moja kabla ya kushona. Spiriti vilevile. Kazi yake ni kusafisha mikono ya anayetoa huduma na ncha za kibano. Ikimiminwa ndani ya jeraha lililofunguka, humchoma majeruhi na kuiumiza nyama ambayo ingepona yenyewe. Ni hali hiyo hiyo kwa dawa kali za kuua viini zinazotumiwa kupigia deki. Mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe, udongo na sukari ni vitu ambavyo bado utasikia vikipendekezwa kando ya barabara, na mwenye kupendekeza huwa na sauti kubwa kuliko wote. Udongo na kinyesi ndimo vimelea vya pepopunda huishi.

Cha kusafishia jeraha ni maji. Chupa mbili za lita moja za maji ya kunywa, zisizofunguliwa, ziwe ndani ya gari wakati wote. Ukipenda, nunua pia chupa ya maji ya chumvi ya hospitali ya mililita 500. Toboa kifuniko cha chupa kwa pini na uiminye ili maji yatoke kwa mruko mwembamba; mruko huo huondoa mchanga na changarawe vizuri kuliko kumwaga tu. Lakini mambo yaende kwa utaratibu. Jeraha linalovuja damu nyingi halioshwi kwanza, hukandamizwa kwanza. Kuosha ni kwa yale ambayo damu yake imetulia, au ambayo tangu mwanzo yalikuwa ya mchubuko tu. Na aliyeumwa na mbwa au mnyama mwingine akiwa ameshuka kubadilisha gurudumu aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama meno yamekwaruza tu.

Kabla ya kugusa damu ya mtu, vaa glavu. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini huambukizwa kwa damu, na vidole vya mtoaji huduma mara nyingi huwa tayari vimekatwa na vioo. Weka jozi nne au tano, za ukubwa unaotosha mkono wa mwanamume, kwani jozi moja huraruka. Zamani mtu angeshauriwa avae mfuko wa plastiki mkononi, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017. Siku hizi karatasi ya mkate ndiyo itakayokuokoa ikiwa glavu zimekwisha.

Makasi yawe yenye nguvu ya kukata suruali ya jinzi na mkanda wa usalama, na ncha yake iwe butu ili isimdunge majeruhi. Hili hupuuzwa mno. Huwezi kulihudumia jeraha usiloliona, na kumvua mtu suruali huku mguu wake umechanika ni kumtesa bure. Ikate. Tochi nayo ni lazima, kwa kuwa simu hushikwa kwa mkono ambao unahitajika kwingine; tochi ya kufunga kichwani ni bora zaidi.

Kuna majeraha ya wastani ambayo hugeuka kuwa mabaya. Ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka kwa kufuata mapigo ya moyo, au imelowesha kitambaa juu ya kitambaa licha ya kukandamizwa kwa nguvu, mkanda wa kukaza unahitajika. Mikanda maalumu yenye kijiti cha kuzungusha huuzwa na wauzaji wa vifaa vya matibabu, na mmoja ndani ya gari ni akiba ya maana. Hufungwa sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, upande wa moyo, wala si juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Hukazwa hadi damu ikome kabisa. Majeruhi atalia kwa maumivu. Kilio hicho si ishara kwamba umekosea.

Usipokuwa nao, kunja leso iwe na upana wa vidole vitatu, ifunge, pitisha spana au kijiti kigumu katika fundo na uzungushe. Usitumie waya, kamba ya viatu wala nailoni, kwa kuwa hukata nyama na mishipa ya fahamu bila kuzuia damu ya ndani. Andika saa uliyofunga, hata kama ni kwenye paji la uso la majeruhi. Usiulegeze njiani ili "damu ipite kidogo", kama wengi walivyofundishwa zamani. Kuulegeza humwongezea hasara. Hospitali ifikiwe ndani ya saa mbili.

Kwa jeraha la kawaida, hata hivyo, bendeji iliyokazwa hutosha, nayo huwa na mipaka yake. Baada ya kufunga mkono au mguu, bonyeza ukucha wa majeruhi mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu urudi baada ya sekunde mbili hivi. Ukichelewa, au vidole vikianza kupoa na kufa ganzi, fungua bendeji na uifunge upya kwa wepesi zaidi. Rudia jaribio hilo kila dakika kumi, maana mguu uliojeruhiwa huvimba na bendeji iliyokuwa sawa Mtito Andei huweza kuwa kitanzi kabla ya kufika Voi.

Ngozi ya kichwa hutokwa na damu nyingi kuliko ukubwa wa jeraha lenyewe, jambo ambalo huwatia watu kiwewe. Kandamiza kwa kiganja kilichonyooka, kisha zungusha bendeji pana. Ukihisi mfupa umebonyea au unacheza, usikandamize katikati. Funika tu na uwahi. Kipande cha kioo au chuma kilichozama mwilini nacho hakichomolewi kamwe, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa. Zungushia bendeji mbili zilizokunjwa pande zote mbili ili kisisukumwe, ndipo ufunge. Kibano ni cha vile vipande vidogo vilivyokaa juu ya ngozi.

Majeraha ya moto pia ni ya gari, ingawa watu huyafikiria ya jikoni. Kila siku kuna dereva anayefungua kifuniko cha rejeta ikiwa ingali inachemka. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa kabla ya kuvimba, kisha funika kwa kitambaa kisafi kisichonata. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na yai zibaki nyumbani. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba lita mbili za maji si nyingi, na mwenye nafasi huongeza dumu la lita tano.

Kuhusu vidonge, parasetamoli yatosha. Aspirini huifanya damu isigande upesi, kwa hivyo haina nafasi katika sanduku la majeraha. Majeruhi ambaye huenda akafanyiwa upasuaji asipewe chakula wala chai, hata akiomba.

Mahali sanduku linapokaa ni muhimu sawa na vilivyomo. Buti likibonyezwa na lori kutoka nyuma halifunguki. Kile kibao kilicho nyuma ya viti, chini ya kioo, ni pabaya zaidi, kwa kuwa sanduku la kilo mbili hurushwa kama jiwe gari linaposimama ghafla. Chini ya kiti cha abiria wa mbele, likiwa limefungwa kwa mkanda, ndipo mahali pafaapo. Katika matatu na mabasi, lifungwe karibu na mlango, lisiwe na kufuli, na utingo ajue kulifungua gizani. Gari la abiria 14 likibeba vifaa vya mtu mmoja, linabeba pambo. Bendeji na pedi ziongezwe mara tatu angalau. Mkoba mwekundu wa turubai wenye mifuko ni bora kuliko sanduku la bati, maana hauna kona na huonyesha vyote vilivyomo kwa mara moja. Alama yake iwe msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani. Ule mwekundu juu ya nyeupe hulindwa kisheria na Mikataba ya Geneva, japo wauzaji hawaonekani kuwa na habari.

Joto ni adui ambaye wengi hawamjui. Gari lililoegeshwa juani Garissa au Lodwar, madirisha yakiwa yamefungwa, huwa kama tanuri. Gundi ya plasta huyeyuka, glavu za mpira hunata na kupasuka, na vidonge huharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Pakiti ya shashi iliyolowa au kutoboka haina tena usafi wake. Mara mbili kwa mwaka, kwa mfano kabla ya safari za Pasaka na za Desemba, mimina kila kitu juu ya meza, angalia tarehe, vuta glavu moja uone kama inaraka, na ubadilishe maji.

Mbinu hizi hujifunzwa kwa mikono kuliko kwa macho. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini na St John Ambulance hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, na chama cha wenye matatu kinachowapeleka madereva na utingo wake huko kinanunua kitu cha thamani kuliko rangi na muziki.

Ajali ikitokea, usikimbilie jeraha kabla ya kuangalia barabara. Egesha mbali, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu. Ikiwa lori la mafuta limehusika, usisogee. Huko Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea pale mafuta yaliyomwagika yalipolipuka. Piga simu 999 au 112. Msalaba Mwekundu hupatikana kwa nambari 1199.

Jeraha lililofunguka kingo, lililo juu ya kiungo, usoni au kiganjani, lenye uchafu ndani, au ambalo vidole vya mbele yake vimekufa ganzi, linahitaji daktari siku hiyo hiyo hata kama damu imekoma. Mengi hushonwa vizuri zaidi yakifikishwa ndani ya saa chache. Aulizwe pia majeruhi alidungwa lini chanjo ya pepopunda. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, kwa hivyo mlangoni mwa hospitali usikubali mjadala wa pesa uanze kabla ya jeraha kutazamwa.

Katika mfuko wa juu wa mkoba, weka kalamu na daftari dogo. Andika saa ya ajali, jeraha liko wapi, vitambaa vingapi vimelowa, dawa gani imetolewa na saa mkanda ulipofungwa, kisha umpe muuguzi karatasi hiyo. Usiku huo huo, kabla ya kulala, andika kwenye ukurasa mwingine kila kilichotumika, ili asubuhi kinunuliwe tena kabla gari halijaondoka.